Uma uliovunjika Tourmalet: kisa cha Eugène Christophe, 1913

Tarehe 9 Julai 1913, kwenye mteremko wa mashariki wa Tourmalet, kusini mwa Ufaransa, kijana wa miaka 28 alikuwa akishuka mlima kwa miguu, baiskeli ameitwika begani. Wenzake walikuwa wakimpita kwa kasi. Mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba alitafuta vijia vya mkato vya kumfikisha kijijini upesi, lakini machozi yalimjaa hata akawa haoni anakokwenda. Muda mfupi tu kabla ya hapo, kwa hesabu ya jumla, yeye ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote ya kushinda Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa.

Jina lake Eugène Christophe. Uma wa mbele wa baiskeli yake, ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele, ulivunjika, akatembea kama kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua mwenyewe, kisha akapanda tena baiskeli na kumaliza safari ya siku hiyo. Kisa hiki husimuliwa kila mwaka mashindano yanapopita milima ya Pirenei, na karibu kila mara husimuliwa kama kisa cha moyo mgumu. Moyo mgumu ulikuwapo, wala sitaki kuupunguza hata chembe. Lakini mtu apendaye kuendesha baiskeli milimani akikitazama kisa hiki kwa jicho la fundi, anaona kingine ndani yake: kipande cha chuma kilichoshindwa, na mtu aliyekijua kilichoshindwa akakaa kimya. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kwanza tuione siku yenyewe. Ilikuwa hatua ya 6, yaani safari ya sita ya mashindano, kutoka Bayonne hadi Luchon, kilomita 326. Leo hatua ya milimani ikizidi kilomita 200 watu hulalamika. Siku ile waendeshaji walipanda Aubisque, wakapanda Tourmalet, kisha mbele yao wakawa bado wana Aspin na Peyresourde. Mashindano yalianza kupita kwenye milima hii mirefu ya Pirenei mwaka 1910, miaka mitatu tu nyuma, na barabara zilikuwa bado za mawe na changarawe, zilizochimbika kwa magurudumu ya mikokoteni. Baiskeli hazikuwa na gia za kubadilisha kwa kidole kama za sasa. Kubadili gia kulimaanisha kushuka, kulegeza gurudumu la nyuma, kuligeuza upande wa pili na kulikaza tena. Kifaa cha kuhamisha cheni kilikuja kuruhusiwa katika Tour mwaka 1937.

Jambo la pili ni hesabu. Kuanzia 1905 hadi 1912 mshindi wa Tour alipatikana kwa pointi: nafasi uliyomaliza katika kila hatua ndiyo iliyohesabiwa, si muda. Kwa utaratibu huo, ajali ya siku moja ilikula hatua moja tu, na kesho yake ukaanza upya. Mwaka 1913 waandaaji walirudi kwenye muda. Kwa mtu aliyependa kutoroka peke yake milimani na kuwaacha wenzake mbali, mabadiliko hayo yalikuwa neema, na Christophe alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Mwaka 1912 alishinda hatua tatu mfululizo, akamaliza wa pili kwa pointi nyuma ya Mbelgiji Odile Defraye. Kwa hiyo kanuni mpya ilimfaa. Ila muda una tabia moja mbaya: hausahau. Saa ulizopoteza Pirenei unazibeba mgongoni hadi Paris.

Asubuhi ya tarehe 9, Defraye ndiye aliyeongoza na Christophe alikuwa wa pili, nyuma yake kwa dakika 5 hivi. Siku hiyohiyo Defraye alichoka, akaachia mashindano. Christophe alifika kilele cha Tourmalet, mita 2,115 juu ya usawa wa bahari, nyuma kidogo ya Mbelgiji mwingine, Philippe Thys. Mbele yao mteremko ulikuwa unafunguka.

Huu mteremko unastahili kuelezwa, maana mlima ni mhusika katika kisa hiki sawa na watu. Kutoka kileleni hadi Sainte-Marie-de-Campan ni kilomita 17, na katika hizo unashuka takriban mita 1,268, wastani wa asilimia 7.4. Juu kabisa ni mawe matupu na majani mafupi ya malisho. Unapita La Mongie, unashuka hadi vibanda vya Gripp, na pole pole bonde linaanza kufunga, miti inasogea barabarani, sauti ya mto Adour inaanza kusikika. Sainte-Marie-de-Campan iko pale ambapo vijito viwili vya Adour vinakutana, kimoja kikitoka upande wa Gripp na kingine upande wa Payolle. Ni kijiji cha njia panda. Ukitoka Tourmalet huwezi kwenda Aspin bila kukipita.

Mahali fulani kwenye mteremko huo, kama kilomita 10 juu ya kijiji, Christophe alihisi usukani hauko sawa. Baiskeli ilikuwa haimtii tena. Akakaza breki, akasimama, akatazama, akaona uma umevunjika.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Alisimama. Hakuanguka. Uma ukikatika ghafla kwenye mteremko, gurudumu la mbele huondoka na mtu hutangulia kwa uso. Uma wa chuma cha zamani, chuma laini chenye ukuta wa unene wa kutosha, mara nyingi hupinda na kulegea kabla haujaachia kabisa, na ule ulegevu ndio kengele. Christophe alikuwa na mikono iliyojua kusikia kengele hiyo. Kabla ya kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa alikuwa fundi makufuli, mtu aliyezoea kuhisi chuma kwa ncha za vidole. Ninaamini hiyo ndiyo sababu tunaye Christophe wa kumzungumzia, badala ya msalaba kando ya barabara.

Kwa nini uma huvunjika? Tuuchukue kwa sehemu zake. Kuna shina, lile bomba linaloingia ndani ya kichwa cha fremu na kushikwa na usukani. Kuna bega, mahali shina linapokutana na miguu miwili. Na kuna miguu yenyewe, inayoshuka kushika ekseli ya gurudumu la mbele. Unapofunga breki kwenye mteremko, uzito wako wote unakimbilia mbele, gurudumu linataka kubaki nyuma, na nguvu zote hizo mbili zinakutana begani. Shina linapindwa. Ukiachia breki, linarudi. Gurudumu likigonga jiwe, linapindwa tena, mara nyingine kwa upande wa kinyume. Kupinda mara moja si kitu, na mara elfu moja pia si kitu. Lakini chuma kilichopindwa mara malaki huanza kuchoka, na uchovu wa chuma huanza kama ufa mwembamba kuliko unywele, chini ya rangi, mahali ambapo jicho halifiki. Ufa huo hukua kidogo kidogo kila safari. Siku utakapomalizia kazi yake, haitakuwa lazima siku ya kishindo kikubwa. Inaweza kuwa kwenye kona ya kawaida, barabara ikiwa laini.

Ongeza hapo ufundi wa wakati ule. Miguu na shina viliunganishwa begani kwa lehemu ya shaba, kwa moto wa mkono na jicho la fundi. Moto ukizidi, chuma kilicho jirani na kiungo hupoteza nguvu yake. Moto ukipungua, shaba haipenyi vizuri na kiungo kinakuwa na mapengo. Kwa vyovyote vile, sehemu dhaifu inakaa palepale panapobeba mzigo mkubwa. Baiskeli ya namna hiyo iliyoshushwa Aubisque kwenye changarawe, kisha ikaanza kushushwa Tourmalet ndani ya siku ileile, ilikuwa inaulizwa swali gumu mara mbili.

Zipo simulizi zinazosema kwamba gari la msafara wa mashindano lilimgonga au lilimsukuma. Katika maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa baadaye hakuna gari. Kuna usukani uliolegea, breki, na uma uliovunjika. Mimi nashika maneno ya aliyekuwa juu ya tandiko.

Sasa kanuni. Mkurugenzi wa mashindano, Henri Desgrange, aliyekuwa pia mhariri wa gazeti la L'Auto lililoyaanzisha, alitaka kila mwendeshaji ajitegemee. Baiskeli ikiharibika, uitengeneze mwenyewe, kwa mikono yako, bila msaada wa mtu. Ni rahisi leo kumwita mkatili, na wengi wamemwita hivyo. Lakini tumtendee haki. Viwanda vya baiskeli ndivyo vilivyowalipa waendeshaji wakubwa. Bila kanuni ile, kiwanda chenye fedha kingeweka baiskeli mpya kila kilomita 20 na mafundi kila kijiji, na yule aliyejilipia mwenyewe angeshindwa kabla hajaanza. Kanuni ililinda kitu cha kweli. Kasoro yake ilikuwa nyingine: ilichukulia kwamba kila kinachoharibika barabarani ni cha kiwango cha tairi lililotoboka. Haikuwa na jibu kwa uma uliovunjika kwenye kilomita ya 10 juu ya kijiji.

Christophe akabeba baiskeli. Alipofika Sainte-Marie-de-Campan, msichana mmoja wa kijijini alimwelekeza kwa mhunzi, upande wa pili wa kijiji. Vijiji vya mlimani enzi hizo vilikuwa na wahunzi kwa sababu vilikuwa na farasi, ng'ombe na majembe. Mhunzi alikuwapo, moto ulikuwapo, fuawe, nyundo na koleo vilikuwapo. Mhunzi alikuwa tayari kusaidia. Hakuruhusiwa. Wasimamizi wa mashindano walisimama pale, pamoja na watu wa timu pinzani waliokuja kuhakikisha kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa chuma kile.

Hebu tusimame ndani ya karakana ile kidogo. Zana zote zilizopo zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vinene: kiatu cha farasi, ulimi wa jembe, bawaba ya mlango wa zizi. Kazi iliyo mbele yako ni bomba jembamba lenye uwazi katikati. Kipande kinene cha chuma kinasamehe. Ukikichelewesha motoni kidogo, hakiharibiki. Bomba jembamba halisamehe. Likifikia joto la kuunganika, limebakiza pumzi chache kabla ya kuungua na kumwagika cheche. Ukilitoa mapema, nyundo inalipondaponda bila kuliunganisha. Kwa hiyo moto lazima uwe sawa kabisa, na uwe sawa kwa muda wote unaohitajika. Moto wa mhunzi hauwi sawa wenyewe. Unavukutwa. Mtu mmoja anashika kazi kwa koleo, mwingine anavuta mivukuto. Ndivyo kazi hii ilivyo tangu wanadamu wajue chuma. Mikono miwili haitoshi.

Mivukuto ilivutwa na mtoto wa miaka 7.

Kwa kosa hilo, Christophe aliadhibiwa dakika 10. Baadaye zikapunguzwa hadi 3. Wasimuliaji wanapofika hapa hupandisha sauti, na ninawaelewa, maana kumtoza mtu dakika kwa sababu ya pumzi ya mtoto ni jambo linalouma. Lakini ukikaa na karatasi na kalamu, adhabu hiyo si kitu. Christophe alifika Luchon wa 29, karibu saa nne nyuma ya Thys aliyeshinda hatua hiyo. Ndani ya saa nne, dakika 3 ni tone.

Na hapa kuna hesabu nyingine inayohitaji kuangaliwa. Simulizi iliyozoeleka humpa saa mbili za kutembea na saa tatu za kufua. Jumla yake ni saa tano. Saa tano haziingii ndani ya nne. Ama matembezi yalikuwa ya haraka kuliko yanavyosimuliwa, ama kazi ya motoni ilichukua muda mfupi zaidi. Nadhani ni vyote viwili, na nadhani jambo hilo linamwongezea sifa: mtu aliyeteremka mlima mbiombio na mzigo begani, kisha akafua bomba jembamba chini ya macho ya wapinzani kwa muda pungufu ya ule tuliozoea kuutaja, alikuwa fundi wa kweli.

Adhabu ile, hata hivyo, inatufundisha kitu kuhusu uamuzi wake. Katika Tour hiyohiyo, karibu na mwisho, Thys alianguka na baiskeli yake ikaharibika. Alipata msaada wa kuitengeneza. Akaadhibiwa dakika 10, akalipa, akaendelea, na akashinda Tour kwa dakika 8 na sekunde 37 mbele ya Gustave Garrigou. Weka visa hivi viwili mezani kimoja kando ya kingine. Thys alichukua msaada, ukamgharimu dakika 10. Christophe alikataa msaada wa mhunzi, akagharimika kwa saa, na mwishowe akaadhibiwa vilevile. Kama mhunzi yule angeachiwa ashike koleo, kazi ingefupika sana. Kwa bei ya dakika 10, ilikuwa biashara nzuri.

Simlaumu. Mtu aliyesimamiwa na wasimamizi mlangoni, kando yake moto na mbele yake watu wanaongoja akosee, hapigi hesabu za namna hiyo. Aliliona katazo kama katazo, na akaliheshimu kadiri alivyoweza. Mwendeshaji mwingine, Marcel Buysse, naye alivunjikiwa na usukani katika mashindano hayohayo na akapoteza muda mwingi sana. Kanuni iliwabana wote. Tofauti ya Thys ni kwamba aliiona kanuni kuwa ina bei, na bei inalipika.

Lakini sehemu ya kisa hiki inayonigusa zaidi haisimuliwi sana, nayo ni ile baada ya karakana. Christophe alitoka pale akiwa na uma aliouunga mwenyewe, kwa moto wa makaa, bila kipimo, bila njia yoyote ya kujua kama kiungo kimeshika hadi ndani. Luchon ilikuwa bado kama kilomita 60. Kupanda Aspin hakukuwa tatizo kwa uma huo. Ukipanda, mzigo uko nyuma na kasi ni ndogo. Barabara inafuata bonde la Payolle polepole, inaingia kwenye msitu wa misonobari, na kilomita kama tano za mwisho ndizo zinazokaza hadi kilele, mita 1,489. Kuna kivuli huko, na harufu ya utomvu, na upande wa chini mto unaonekana kati ya vigogo. Mtu angeweza kusahau.

Kisha kilele kinaisha, na barabara inashuka kwenda Arreau.

Fikiria mtu yule pale juu. Saa chache nyuma, uma uliotengenezwa kiwandani ulivunjika mikononi mwake kwenye mteremko. Sasa anaingia mteremko mwingine, wenye kona nyingi, na kinachomtenganisha na changarawe ni kazi ya mikono yake mwenyewe ya mchana ule. Kila anapogusa breki, bega la uma linapindwa. Kila jiwe linauliza swali. Na akitoka hapo, apande tena Peyresourde, mita 1,569, na ashuke tena hadi Luchon. Alifanya hivyo, na uma ukashika. Kutembea kilomita 10 kunahitaji uvumilivu. Kuuamini uma ule kwenye kona za Aspin kulihitaji kitu kingine, na kama ningeombwa nichague dakika moja ya siku ile, ningechagua ile ya kuachia breki kileleni.

Alimaliza Tour ya 1913 akiwa wa 7. Thys alishinda, akashinda tena 1914 na 1920.

Tufike sasa kwenye ukimya. Christophe alikiri baadaye kwamba wakati ule hakutaka kusema waziwazi kuwa uma ndio uliovunjika, kwa sababu ingekuwa tangazo baya kwa kiwanda kilichomdhamini. Ninamwelewa kabisa. Mshahara wake ulitoka huko. Mwendeshaji aliyesema hadharani kwamba baiskeli ya mdhamini wake imekatika begani kwenye mteremko angetafuta mdhamini mwingine wiki ijayo, na huenda asipate. Lakini tazama ukimya huo ulifanya nini. Macho yote yalienda kwa mwanadamu: machozi yake, nyundo yake, mtoto wa mivukuto, dakika 10. Gazeti lilipata shujaa. Desgrange alipata uthibitisho kwamba kanuni yake inazaa mashujaa. Kipande cha chuma, ambacho ndicho kilichokuwa na habari ya kutoa, hakikuulizwa hadharani: umechoka wapi, umeunganishwa vipi, wenzako walioko barabarani wakoje?

Haikuchukua muda mrefu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, vikaisha. Mwaka 1919 Christophe akawa mtu wa kwanza katika historia kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour, aliyokabidhiwa mjini Grenoble. Aliongoza kwa zaidi ya dakika 20, zikiwa zimebaki hatua mbili. Kwenye hatua ya Metz hadi Dunkerque, kilomita 468, juu ya barabara za mawe za kaskazini, karibu na Valenciennes, uma wake ukavunjika. Safari hii palikuwa na kiwanda cha baiskeli karibu, na bado zaidi ya saa nzima ikapotea. Firmin Lambot akashinda, Christophe akawa wa tatu. Wasomaji wa L'Auto waliumia kwa ajili yake, wakachanga fedha, faranga 13,310, zaidi ya zawadi ya mshindi. Walichanga kwa ajili ya mtu. Uma haukuchangiwa fikra.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 37, kwenye mteremko wa Galibier katika Alpi, uma wake ukavunjika kwa mara ya tatu.

Wanaosimulia huita hii bahati mbaya. Mimi siwezi. Mtu mmoja, kiungo kilekile, mara tatu, na mara mbili kati ya hizo kwenye mteremko mrefu wa mlima: hilo si jambo la kumwachia bahati. Baiskeli za enzi yake hazikujengwa kwa ajili ya milima ambayo waandaaji walikuwa wakiziingiza. Mashindano yalihamia milimani mwaka 1910. Uma ulibaki wa bondeni.

Kwa anayeendesha leo kwenye barabara za vijiji vya mlimani na mabonde ya misitu, kisa hiki kina matumizi ya moja kwa moja, nami nitayasema kwa ufupi maana yanahitaji kutendwa kuliko kusomwa. Barabara za msituni huficha unyevu. Majani yanabaki mabichi kivulini hadi mchana, na maji yenye mchanga hupanda na tairi hadi begani mwa uma. Hapo ndipo pa kutazama. Kabla ya safari ya milima, toa gurudumu la mbele, pangusa bega la uma kwa kitambaa hadi rangi yenyewe ionekane, kisha pitisha ukucha polepole pande zote za kiungo. Ukucha huhisi kile ambacho jicho halioni. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi isiyo na mkwaruzo ni ufa hadi uthibitike vinginevyo. Uma wa kaboni haushiki kutu. Huo ugonge kwa sarafu ukisikiliza mahali sauti inapokuwa butu, na baada ya anguko lolote zito uvue kabisa utazame shina lake, kwa sababu kaboni haipindi kwanza ikakuonya kama chuma. Na ukiwa barabarani, usukani ukianza kuwa mzito au mlegevu upande mmoja bila sababu, fanya alichofanya Christophe: simama kwanza, tafuta sababu baadaye. Usimalize mteremko ili ukaangalie kijijini.

Siku hizi gari la timu linamfuata mshindani likiwa na baiskeli za akiba juu ya paa, na kubadilisha baiskeli nzima huchukua sekunde chache. Hiyo ni haki, na Desgrange mwenyewe angelazimika kukubali kwamba mashindano hayakupungua utamu. Lakini mwendeshaji wa kawaida, yule anayepita vijiji hivi peke yake Jumamosi asubuhi, bado yuko katika hali ya Christophe. Na wahunzi wameondoka vijijini.

Sainte-Marie-de-Campan haijasahau. Mwaka 1951 kibao kiliwekwa pale palipokuwa karakana, kinachosifu nia ya mtu ambaye hakuachia mashindano. Baadaye kijiji kikasimamisha sanamu yake. Christophe amesimama wima, mkono mmoja ameuinua juu ya kichwa, na ameshika uma wa baiskeli, ule ule ambao mwaka 1913 alionelea ni heri asiutaje. Kila anayeshuka kutoka Tourmalet kwenda Aspin anaupita.